Rula ya Mama

Pigo la tatu lilipotua upande wa pili wa ukuta, fundi cherehani aliiacha pasi juu ya gauni la mteja, akanyakua rula yake ya mbao.

Mtoto wa dereva, jirani wa chumba cha pili, alikuwa akilia tena. Miaka sita hajatimiza. Safari hii kisa kilikuwa maziwa yaliyomwagika, na kilio chake kilimchoma fundi mahali pa zamani. Naye alikulia kwenye kipigo, na enzi hizo hakuna jirani aliyethubutu kubisha hodi. Kazi alifundishwa na mama yake, kwa rula hiyohiyo.

Alimwambia binti yake asitoke. Binti, aliyekuwa akiokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani, aliitikia kwa kichwa. Alichagua kimoja laini, akakitia mfukoni.

Fundi alimwomba Mungu nguvu, kisha akaupiga mlango wa jirani teke. Komeo likang'oka.

Dereva alikuwa amemkanyaga mwanawe mgongoni, mkanda uko juu. Damu ilimtiririka mtoto sikioni. Fundi hakupoteza muda kwa salamu. Rula ilimshukia dereva kwenye kifundo cha mkono, mkanda ukadondoka. Alipogeuka ikampata puani, damu ikaruka hadi kwenye pazia.

"We mama una wazimu? Mtoto ni wangu. Nani atamtia adabu, wewe?"

"Mtoto ni wa Mungu," fundi alisema akihema. "Mimi pia ninaye, na tumetenganishwa na ukuta huu tu. Umewahi kumsikia wangu akilia, hata siku moja?"

Dereva aliutupia ukuta jicho. Kweli, hakuwahi. Nyumba nzima ilimsifu yule binti kwa utulivu wake.

Aibu ikageuka hasira, akamrukia fundi kooni. Fundi alimtandika begani kwa nguvu zake zote. Rula ikakatika vipande viwili, dereva akaenda chini akigumia. Wapangaji waliokuwa wamejaa mlangoni wakamkalia, na mwenye nyumba akaanza kupigia polisi simu.

Fundi alimbeba mtoto hadi chumbani kwake, kipande cha rula bado kimo mkononi.

"Umeshafika, baba," alimnong'oneza akimkalisha kitandani. "Humu hakuna wa kukugusa."

Chumba kilinuka moshi. Binti alikuwa ameinua pasi, lakini kwa kuchelewa. Kifuani mwa gauni la mteja palikuwa na tundu jeusi.

Fundi aliliinua gauni, akalitazama. Kisha akamgeukia binti yake.

Binti aliiangalia rula iliyovunjika. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua mpini wa fagio, akauweka mezani karibu na mkono wa mama yake. Kisha akakitoa kile kitambaa mfukoni, akakichana katikati. Nusu akampa mtoto wa dereva.

Nusu ya pili akaijaza mdomoni mwake, akageukia ukuta.