Tope la Kwenye Karai

Siku ya tano baada ya mvua ya kwanza, maji ya kwenye karai yalikuwa yametulia tuli. Juliana aliinama, akatazama. Hakuna kilichocheza.

Binti yake ndiye aliyewafuga wale wadudu wa madimbwini, wenye macho matatu na mkia uliogawanyika panda mbili. Kila kiangazi aliliacha tope likauke na mayai yao ndani, na kila masika alilitilia maji, wakaanguliwa. Familia ilipohamishiwa kijiji kipya cha Idodi mwaka 1974, alilibeba karai lake kichwani. Mwaka uliofuata surua ikamchukua.

“Mama, tope hili ni lile lile?” Juliana alimwuliza mama mkwe wake.

“Lile nililikandikia jiko, mwanangu, wageni wa msiba walipozidi. Hilo nililichota mtoni. Sikujua lina kazi.”

Juliana alichukua jembe, akalivunja jiko.

“Sasa tutapikia wapi?” mama mkwe aliuliza taratibu.

Udongo ulikuwa umeiva, mwekundu kama tofali la kuchoma. Juliana aliokota kipande kilichokuwa bado na joto, akakitumbukiza majini. Viputo vidogo vikapanda juu.

Akapiga magoti kutazama.