Kikohozi cha Saa Nane

Robow alikohoa hewani, katikati ya kipindi chake cha redio, saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Nyumbani, mtaa wa Wabera, mkewe Saadia alimsikia, akaacha kumenya viazi, akapangusa mikono na kuandika saa hiyo kwenye daftari. Dakika tisa baadaye akaandika tena.

Ilikuwa kazi aliyopewa na daktari wa masikio, pua na koo. Sauti ya mumewe ilikuwa imekauka kwa miezi minne. Alihisi kama tonge limemkwama kooni, na sikio la kushoto lilimuuma ingawa lilikuwa zima. Daktari alipitisha kamera puani, akasema si saratani. Ni asidi ya tumboni, inapanda mpaka kooni.

“Kwa huyu, kikohozi huja ndani ya saa moja baada ya kula. Andikeni anakula saa ngapi na anakohoa saa ngapi.”

Alimruhusu asifunge Ramadhani. Robow alicheka kwa sauti yake mbovu.

“Mimi ndiye natangaza saa ya kufuturu redioni, daktari. Nile mchana?”

Meneja wa redio alikuwa amempa hadi Idd. Sauti isiporudi, kipindi cha mchana kingekwenda kwa mtangazaji mwenzake, Hanad, na Robow angekaa nyumbani.

Saadia aliondoa pilipili, nyanya na kahawa jikoni. Aliinua kitanda kwa matofali upande wa kichwa. Alipika sufuria mbili kila jioni, moja ya watoto, moja ya koo la Robow. Sauti haikurudi.

Wiki ya tatu ya mfungo alipeleka daftari kliniki peke yake. Daktari alipitisha kidole kwenye kurasa.

“Anakula saa saba mchana.”

“Daktari, anafunga.”

“Mama, asidi haijui Ramadhani. Tazama hapa. Saa nane, siku zote za kazi. Jumamosi na Jumapili, akiwa kwako, hakuna.”

Saadia alifunga daftari. Mgonjwa akila hana dhambi, hilo alilijua. Kilichomchoma ni kufichwa. Angemwambia tu, angempikia na mchana.

Kesho yake, saa saba, alisimama kwenye stendi ya bodaboda karibu na redio. Dan, dereva wa kwanza kwenye foleni, hakumjua.

“Nipeleke pale mtangazaji anapokwenda mchana.”

“Robow? Panda, mama. Nimetoka kumwacha kule mtaa wa Burat sasa hivi.” Dan aliwasha pikipiki. “Huyo akirudi ananukia pilau. Hata mimi Mkristo nafunga kumshinda!”

Njiani Saadia alipanga maneno mawili tu ya kumwambia mumewe: nimejua, na nimekusamehe.

Dan alimshusha mbele ya nyumba moja huko Burat. Viatu vya Robow vilikuwa nje ya mlango. Saadia alibisha.

“Salaam aleikum.”

Aliyefungua alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mkono mmoja kiunoni, mimba ya miezi saba hivi. Alimtazama mgeni kidogo, kisha uso ukachangamka.

“Wifi Saadia! Nimekuona kwa simu yake. Ingia, ingia. Kaka yako anamalizia kula.”