Asante ya Mgeni

Siku zile mwaliko ukishatamkwa ulikuwa haurudi. Meza, milango na magari vilielewa lugha zote, na aliyealikwa alipewa haki yake hapo hapo. Kibibi, jirani wa Mwanaidi na mumewe, aliwahi kumwambia fundi bomba "karibu tena nyumbani", na fundi yule mpaka leo analala chumba cha watoto.

Kwa hiyo Mwanaidi alikuwa akiuchunga ulimi wake. Ila mgahawa ule wa Arizona ulimlegeza, kwa jangwa jekundu lililotandaa nyuma ya kioo na mbavu za ng'ombe zilizoiva hadi nyama ikaachia mfupa. Mzee mmoja wa Kizungu alipopita kando ya meza yao, neno likamtoka Mwanaidi mdomo ukiwa umejaa.

"Karibu."

Meza ikawaka kijani. Kiti cha tatu kikainuka kutoka sakafuni, na mzee akakaa.

"Mwanaidi!" alinong'ona mumewe, Shekue.

"Si nimemkaribisha tu? Alitakiwa aseme ameshiba."

Mzee alikula taratibu, macho yakiwa jangwani. Walipoondoka aliwafuata mpaka kwenye gari lao. Mlango ulipofunguka, alimgeukia Mwanaidi akatamka Kiswahili ambacho pengine alijifunza kwa kina Mwanaidi wengine.

"Asante, mama."

Shekue alimbana mkewe mkono. Mwanaidi akafumba midomo. Tangu utoto wake hakuwahi kuiacha asante ya mtu ikining'inia bila jibu.

Mzee akatabasamu, akarudia kwa upole zaidi:

"Asante sana."