Safari ya Kutoka Kibugu

Mzee Kathuri alikuwa amesimama mapokezi, kofia mkononi, mfuko wa magimbi ya nduma kwapani. Kagure alipomwona, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, baba yake alikuwa hapo. Kaunta ilikuwa ya kioo, wateja wa bima walikuja wamevaa suti, na yeye alivaa koti lile lile lililofifia mabegani.

"Kwani huyu mzee wa kila wiki ni nani?" aliuliza Purity, aliyekaa meza ya pili.

"Mzee fulani wa kwetu," Kagure akajibu. "Huniuzia nduma."

Hakudhani sauti yake ingefika kaunta. Baba aliinamisha macho, akatazama viatu vyake. Vilikuwa safi, ingawa Kibugu mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Kisha akaweka mfuko juu ya kioo kwa uangalifu.

"Mzigo wako huu hapa, madam," akasema.

Aliponyoosha mkono, Kagure aliona bendeji chini ya kiwiko.

"Umeumia?" alimnong'oneza.

"Nilijikata nikipogoa chai." Akavaa kofia na kutoka.

Purity alimsindikiza kwa macho. "Wewe ulipokuwa ukitoka Kibugu ulichelewa kila siku. Yule mzee hufikaje saa mbili kamili?"

Kagure aliuchukua mfuko, akauficha chini ya meza. Siku hiyo yote hakuweza kujaza hata fomu moja bila kukosea. Neno "madam" lilimrudia masikioni.

Miaka miwili nyuma, jikoni kwao, alimpigia baba hesabu kwa vidole. Kutoka Kibugu hadi ofisini Embu: kushuka kwa miguu hadi lami, kungoja gari, foleni ya kuingia mjini. Dakika tisini kwenda, tisini kurudi. Akipanga nyumba mjini, dakika nane kwa miguu.

"Karibu saa kumi na nne kwa wiki, Baba! Nitakuwa nazo zote. Jumamosi nitakuwa hapa nawe, hata nitakusaidia kuchuma chai."

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baba alizungusha kikombe chake mezani, akasema, "Hesabu yako ni sawa. Nenda."

Jumamosi ya kwanza alikwenda. Ya pili pia. Ikaja saluni, ikaja kwaya, zikaja harusi za wenzake wa kazini. Saa kumi na nne zikayeyuka, asijue zilikwenda wapi. Baba alipoanza kuja mwenyewe ofisini, Kagure aliona afadhali. Hakuwahi kumkaribisha nyumbani kwake. Alikuwa na zulia jeupe na rafiki aliyeishi naye, asiyependa wageni wa ghafla.

Jumamosi iliyofuata siku ile ya kaunta aliamka mapema, akanunua sukari, mkate na fulana nzito ya sufi. Njia nzima alitafuta maneno. Nisamehe, Baba. Niliona haya, na haya ile ilikuwa yangu, si yako. Akayafuta, akayapanga upya. Aliposhuka kwenye lami na kuanza kupanda kilima, tope lilimfika vifundoni, na alifurahi lilivyomchafua.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Uani nyasi zilikuwa zimeota hadi kizingitini. Kwenye mistari ya chai, jirani yao Kivuti alikuwa akichuma, kikapu mgongoni.

"Kagure! Karibu, karibu. Baba amekutuma uchukue nini?"

"Hajanituma, Mzee. Nimekuja kumwona."

Kivuti alicheka. Halafu akamtazama usoni, kicheko kikaisha. Akakiteremsha kikapu polepole.

"Kumwona hapa? Si alihama mwezi wa nne, daktari aliposema figo zake lazima ziende kwenye mashine ya kusafisha damu huko mjini mara mbili kwa wiki, na barabara hii hataiweza? Chai hii aliniachia mimi."

Kagure alishika nguzo ya ua.

"Alihamia wapi?"

"Kwako, mwanangu," Kivuti akasema. "Kanisa zima lilimwombea siku ile. Alituambia umempa chumba chenye dirisha la kuelekea mlimani."