Ukuta wa Ghorofa ya Tatu

Ijumaa jioni, wasaidizi wote walipokwisha kushuka kwenda kunywa bia, Profesa Leland Strickler alivua koti, akafungua makomeo mawili ya sakafuni, akauegemea ukuta kwa bega na kuusukuma. Ukasogea upana wa kiganja. Akafunga makomeo, akavaa koti lake, akaenda zake akipiga mluzi.

Ukuta ule uliundwa ili usukumwe. Jengo zima la utafiti wa tiba lilijengwa hivyo: kuta zinaning'inia kwenye reli za dari, meza zina magurudumu, na maji, gesi na umeme vinashuka kutoka juu kwa mipira na nyaya za kuchomeka na kuchomoa. Msanifu wake, Wendell Oakes, alisema siku ya ufunguzi kwamba utafiti hubadilika kila mwaka, basi na jengo libadilike bila kuvunja hata tofali. Strickler alimsikiliza akiwa na donati mdomoni.

"Huyu ametujengea chuo au sarakasi?" alimnong'oneza jirani yake. "Asubuhi tunatandaza turubai, jioni tunakunja tunahama!"

Jirani huyo alikuwa Dakta Noreen Tavares, mwanamke mdogo wa umbo aliyeajiriwa juzijuzi. Maabara zao zilitenganishwa na ukuta huo mmoja. Alitabasamu tu, akajipangusa sukari ya donati begani.

Ndipo Oakes aliposema neno lililomfanya Strickler aache kutafuna. Ghorofa ya nne imeachwa tupu makusudi. Baada ya mwaka yeye Oakes atarudi, ataangalia watu wamezisogeza kuta hadi wapi, na hapo atajulikana mtafiti mmoja wa kupewa ghorofa ile nzima, na madirisha yake yote yanayotazama mto Charles.

Strickler alikuwa ameishi miaka thelathini kwenye orofa ya chini ya jengo la zamani, dirisha lake likitazama mapipa ya taka. Kustaafu kulikuwa kunamnyemelea. Aliitaka ghorofa ile kwa roho yake yote, akaona njia ya kuipata ni nyeupe: mkubwa ndiye hupewa kikubwa. Basi kilichobaki ni kuwa mkubwa.

Akaanza kusukuma.

Ajabu ni kwamba mambo yalimnyookea kuliko alivyotarajia. Ijumaa alisukuma kiganja kimoja, akaenda kwenye nyumba yake ya pwani kule Cape Cod kula kome na kulala. Jumatatu akirudi, alikuta ukuta umesogea viganja vitatu.

"Sakafu ina mteremko," aliwaambia wasaidizi wake, akicheka kwa dharau. "Bwana mchoraji ameshindwa hata kunyoosha sakafu! Kuta zinatembea zenyewe." Wasaidizi wakainamia hadubini zao. Nani angembishia Profesa?

Tavares hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomfanya Strickler amdharau kabisa. Mtu gani huyu, anafinywa na anatabasamu? Majokofu yake yalibanana hadi milango ikawa inafunguka nusu. Wanafunzi wake walipishana ubavuubavu. Naye kila Jumatatu alikuwa akitembea ameshika kiuno kama bibi kizee.

"Vipi tena, Noreen?" Strickler alimchokoza mlangoni. "Umri huo na mgongo huo?"

"Kazi, Profesa. Mimi hata Jumapili niko hapa. Seli zangu hazijui sikukuu, lazima zilishwe."

"Ukipata nafasi ya kutosha utapumzika."

"Naamini hivyo," alisema Tavares.

Mwaka ulipotimia, Oakes alikuja na mkuu wa kitivo. Strickler alikuwa amevaa tai nyekundu. Alikuwa ameshaamua hata meza yake itakaa dirisha lipi. Aliwatembeza kwenye maabara yake, mikono ikielekeza huku na huku, maana pa kuelekeza palikuwa pengi.

"Tazameni kundi langu lilivyotanuka!"

Oakes alitazama, akapiga hatua chache katikati ya uwazi ule, akasikia viatu vyake vikitoa mwangwi. Kisha akaenda upande wa pili, akaingia kwa Tavares kwa kujipinda, tumbo limebonyea. Hakukaa sana. Alipotoka, mkuu wa kitivo alimwitikia kwa kichwa, naye Oakes akamwambia Tavares, "Hapa huwezi kufanya kazi, Dakta. Ghorofa ya nne ni yako."

Strickler alidhani amesikia vibaya. "Yake? Mimi ndiye mwenye kundi kubwa!"

"Ndiyo, Profesa, na una nafasi tele," alisema mkuu wa kitivo. "Nikupe nyingine ya kazi gani?"

Damu ilimpanda Strickler usoni. Mto wake, madirisha yake, miaka yake ya mwisho! Akamgeukia Oakes apate angalau wa kumtemea sumu. "Na wewe, fundi wa sarakasi! Jengo gani hili, sakafu imeinama, kuta zinatembea zenyewe?"

Oakes alitoa chungwa kwenye mfuko wa koti, akaliweka chini kando ya ukuta. Chungwa likatulia palepale lilipowekwa.

Tavares alikuwa ameshaanza kusukuma meza yake ya kwanza kuelekea kwenye lifti, mkono mmoja kiunoni. Alipomfikia Strickler alisimama.

"Asante sana, Profesa," alisema kwa sauti ya chini. "Ila siku za Ijumaa ungekuwa unasukuma kwa nguvu zaidi kidogo, nisingemalizia mimi Jumapili, na mgongo wangu usingekuwa hivi."