Waliokuja Kutoa Pole

Majirani wa kike walimjia Bi Sikudhani jioni, kama watu wanavyokwenda msibani: khanga mabegani, sukari mkononi, hotipoti ya wali. Wakakaa mkekani. Mama Zamda, mkubwa wao, ndiye aliyeanza.

"Mdogo wangu, wiki nzima tunakuona unakwenda kazini kwa baiskeli, na hukutuambia kitu. Gari limeuzwa?"

Bi Sikudhani, hakimu wa mji ule, aliinuka, akawafungulia banda la nyuma. Gari lilikuwemo, zima kabisa. Chini yake kuku alikuwa ameatamia.

"Mahakama iko hapo tu, dada. Naendesha baiskeli kwa sababu naipenda. Nafika nimechangamka, na njiani nasalimiana na watu."

Walitazamana. Wali ulikuwa umeshapikwa, basi wakaula.

Wakati wa kuagana, Mama Zamda alisimama penye baiskeli, akapiga kengele yake mara moja.

"Mtu wa umri wangu ataiweza hii?"

"Kaza khanga yako, halafu panda," alisema Bi Sikudhani.

Wakamshika, huyu tandiko, yule usukani, wakamsukuma hadi nje ya geti huku wakicheka. Barabara iliteremka kidogo kuelekea dukani.

"Msiniachie," alisema.

"Tumekushika."

"Msiniachie, jamani," alisema tena, na safari hii sauti yake ilitokea kule mbele, karibu na duka.

"Tumekushika," walimjibu wote kutoka getini, mikono kiunoni.