Mgongo wa Bei Nafuu

"Ukipiga kite tu, tumekwisha," mke alimwonya mumewe huku akimvua ule mkanda wa mgongo na kuutupia uvunguni. "Ukisikia maumivu, cheka."

Jikoni vitunguu vilikuwa vinaungua makusudi, kufunika harufu ya dawa ya kuchua. Mimba ilikuwa ya mapacha, na daktari alishasema watatoka kwa upasuaji. Bila bima ya afya wangeuza hata mlango. Na bei ya bima ilikuwa mikononi mwa mkadiriaji, ambaye angefika asubuhi hiyo hiyo kumkagua baba wa familia. Shoga yake mke alijiropokea kwa mkadiriaji kwamba mume wake anakoroma, ada ikapanda maradufu. Kukoroma tu, jamani! Seuze huyu mchukuzi wa ghala la saruji, ambaye tangu mfuko umwangukie hata soksi anavishwa?

Saa nne kasorobo hodi ikapigwa. Akaingia bwana mfupi mwenye faili kwapani, akakaribishwa kiti, akakataa chai.

"Nimetumwa kuangalia afya yako," alimwambia mume. "Mgongo unasemaje?"

"Mgongo?" Mume aliuliza kana kwamba ndiyo kwanza anasikia kuwa anao. "Shwari kabisa!"

"Hebu inama."

Akainama mpaka akagusa vidole vya miguu. Kitu kikalia ko!

"Kabati hilo," mke akadakia. "Limechakaa."

Bwana akaandika. "Ngazi je?"

Mume akashuka ghorofa tatu na kuzipanda tena mbio, huku anaimba. Sauti ilikatika kidogo ghorofa ya pili, lakini ikarudi.

"Na mzigo? Tuseme kilo hamsini?"

Mke alifungua mdomo akatae, lakini mgeni alikwisha kulitupia jicho gunia la mkaa pale pembeni. Mume akalikumbatia, akalitia begani, kisha, sijui shetani gani alimpitia, akaanza kucheza nalo. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Huwa analia akifurahi," mke alieleza, roho mkononi. Alimwonea huruma mpaka naye akataka kulia. Tumboni mapacha wakarusha mateke, akajikaza na kupiga makofi ya kumshangilia.

Mgeni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii. Mzima kama wewe sijapata kumwona." Akatoa mhuri, akaugonga mara mbili.

Mke nusura ambusu. "Kwa hiyo tumepata ile bei ya chini kabisa?"

"Bei gani tena, shemeji? Mimi natoka ghalani, upande wa likizo za ugonjwa. Hii ya mumeo nimeifuta. Kesho saa moja kamili arudi kwenye saruji."

Akaaga kwa adabu zote, na mlangoni akapishana na mama mmoja aliyekuwa anahema, fomu mkononi.

"Mnisamehe kwa kuchelewa," yule mama alisema. "Natoka bima. Huyo aliyelala chini ya gunia ndiye baba wa familia?"